Mwaka Tulioisingizia Pamba

Jenereta ilizimika jeneza la Mwalimu Sayi likiwa bado limelala kwenye kamba, ubeti wa kwanza haujafika mwisho. Kinanda kikanyamaza, spika zikakoroma kidogo kisha nazo zikanyamaza, na kwaya ya vijana wa Ipililo, katika sare zao za kitambaa kinachong'aa mpaka unafumba macho, ikabaki inatazamana. Sisemi kwa ubaya. Wale watoto wanaimba vizuri, na walikuja kumzika mzee ambaye wengi wao hawakumjua. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wazee wenzangu, miguu imevimba, na moyoni nikasema, haya sasa, tuone. Walinong'onezana, kila mmoja akijaribu kuanzisha wimbo kivyake, huyu juu, yule chini, mpaka mmoja wa watoto wa marehemu akakumbuka kwamba bibi aliyekaa pale aliwahi kuimba na baba yake. Ndipo binti mpiga kinanda akaja, akapiga goti, akaniamkia, akasema, "Bibi, tunaomba utupe sauti."

Asiyewahi kuimba kwenye kwaya isiyo na ala ataona ni ombi dogo. Kutoa sauti ni kutamka noti ya kwanza kabla ya wote, ili kila mmoja ajue asimame wapi. Ukiianza juu mno, sauti ya kwanza wanakwama katikati ya ubeti na kuanza kupiga kelele; ukiianza chini mno, besi wanabaki kufungua midomo tu. Sisi hatukuwa na kinanda wala filimbi. Tulikuwa na koo la mtu mmoja, binti aliyeitwa Kabula, na mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya hamsini, ndio mwaka Kabula alipougua na sauti yake kwisha mbele yetu sote, na sisi tukaisingizia pamba. Mwalimu Sayi alikuwa wa mwisho niliyeweza kuyazungumza naye haya. Sasa nimebaki mimi, Minza, na nikinyamaza nami basi itakuwa kana kwamba hayakutokea.

Tulifanyia mazoezi ghalani, si kanisani. Kanisa letu pale jirani na Mwamapalala lilikuwa la udongo na nyasi, na mvua ikinyesha mchungaji alihubiri huku akihamahama kukwepa matone. Ghala la chama cha wakulima lilikuwa la matofali ya kuchoma na bati, na mlinzi wake, Mzee Jilala, ndiye aliyekuwa besi wetu mkubwa, kwa hiyo ufunguo haukuwa shida. Naliona lile ghala sasa hivi kuliko ninavyoiona sebule yangu hapa Bariadi. Mlango wa mbao mbili uliolalamika ukifunguliwa. Harufu ya magunia, ya mafuta ya taa na ya mavi ya panya. Nyuzinyuzi za pamba ya msimu uliopita zikining'inia kwenye mapau, zikitikisika tukiimba kwa nguvu. Karibu na mlango palikuwa na mizani ya kupimia pamba, ile ya bamba la chuma chini na mkono wa chuma juu, ambao huinuka na kugonga pale kitu kinachopimwa kinapozidi uzito ulioutegea. Mwalimu Sayi alikuwa mfupi, na ili tumwone sote alisimama juu ya bamba lile. Akikasirika na kurukaruka, mkono nao uligonga, tii, tii, nasi tuliuma midomo tusicheke, kwa sababu mwalimu alikuwa na hasira za karibu na fimbo aliyokuja nayo kutoka shuleni hakuiacha mlangoni.

Wiki yetu ilikuwa na mwendo wake. Jumatano, jua likianza kupoa, tulikuja ghalani tukitoka mashambani moja kwa moja, miguu ina udongo, akina mama na watoto mgongoni. Jumamosi ilikuwa zamu: asubuhi kwaya nzima ilikwenda kupalilia shamba la mwimbaji mmoja, wiki hii la huyu, wiki ijayo la yule, na kazi yenyewe ndiyo ilikuwa zoezi. Tulipanga mistari kwa sauti, sauti ya kwanza upande ule, besi upande huu, majembe yakishuka pamoja. Mwenye shamba alitulisha. Kwa Mzee Jilala ulikula ugali wa mtama na furu wakavu, vile visamaki vya ziwani, walioletwa na wafanyabiashara wa Lamadi, wenye mchanga, lakini hakuna aliyelalamika. Kwa kina Kabula, alikolelewa na shangazi yake, Mama Nkamba, ulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando kikapita mkono kwa mkono. Jumapili ilikuwa ya kanisa. Misiba haikuwa na siku. Ukisikia mtu anaita kutoka kilimani ulijua jembe linawekwa chini. Nilikuwa binti mkubwa wakati ule, tayari kwa kuolewa, na nasema wazi kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile ya kusimama sauti ya pili nyuma ya Kabula na kusikia wimbo unaniinua miguu.

Kabula alikuwa rika langu. Hakuwa mzuri wa kusifiwa sokoni, alikuwa na kidevu kirefu na tulimtania kwamba ndicho kinachohifadhi noti. Mwalimu aliponyanyua fimbo, sisi tulimtazama yeye. Alifumba macho, akavuta pumzi, akatoa sauti moja nyembamba, na siku zote ilikuwa ile ile, palepale. Mwalimu alimwuliza mara moja anaipata wapi. Akajibu kwamba iko hapa, akagusa kifua, na kwamba huwa anaikuta imeshaamka. Wimbo mkubwa mwaka ule ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe, aliutunga baada ya mvua kutuzuia ng'ambo ya mto na maiti ya mtu begani: "Mto umejaa, Bwana, tushike mkono." Ulianza na Kabula peke yake, kisha sauti ya pili, kisha ya tatu, na besi waliingia mwisho kabisa kwa neno "mkono", chini sana. Misheni walikuwa wanajenga kanisa la mawe na walitualika tukaimbe siku ya kulifungua, karibu na Krismasi. Mwalimu aliacha kulala kwa ajili ya siku hiyo.

Kisha pamba ikaanza kuingia. Mwaka ule ilistawi, na tangu soko lilipofunguliwa watu walipanga foleni na magunia mpaka barabarani. Ghala likajaa ukutani hadi kwenye mapau, ikabaki nafasi ndogo tu katikati, na sisi tukaendelea kujibana humo kwa sababu Mwalimu hakutaka kuimbia nje ambako upepo hutawanya sauti. Asiyewahi kuimba katikati ya pamba hajui. Unatoa sauti na haikurudii. Unajisikia mwenyewe tu, ndani ya kichwa, na jirani yako humsikii. Kila mtu alizidisha nguvu, na kila mtu alidhani wenzake ndio wazembe. Na vumbi: nyuzi ziliingia puani, kooni, na wote tulikohoa. Zoezi la Jumatano lilikuwa nusu nyimbo na nusu kikohozi. Ulipotoka nje ulitema mate meupe, ukacheka, ukafuta mdomo kwa kanga. Kabula naye alikohoa, na nani angemsikia yeye miongoni mwetu sote? Tulikuwa na usemi wetu, sijui nani aliuanzisha, "Ni pamba inakula sauti." Mtu akikosea, ni pamba. Mtu akichelewa kuingia, ni pamba. Ukawa mzaha wa kwaya, na kwa miezi kadhaa ukatutosha.

Magari ya kubeba pamba kwa kawaida yalikuja mapema, lakini mwaka ule kiwanda cha kuchambulia nacho kilijaa, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri. Katika kusubiri huko ndipo ugomvi wa besi ulipoanza. Neno "mkono" halikuwa linasikika. Mwalimu alisimamisha wimbo, akawageukia besi, akawaambia ni wavivu, wanakuja wameshiba pombe ya mtama, wataitia kwaya aibu mbele ya wazungu wa misheni. Mzee Jilala, mtu mzima mwenye wajukuu, alisimama akitukanwa na kijana ambaye angeweza kumzaa. Alisema tu kwamba wimbo umeshuka. Mwalimu akasema wimbo haushuki, ni watu wanaoshuka. Jumatano iliyofuata vilevile, na nyingine vilevile. Nakumbuka siku moja Mzee Jilala alinikuta kisimani, tukaamkiana, "Mwadila, mayu," akanisaidia kuinua mtungi, akaniuliza kama mimi naona wimbo uko palepale. Nikamwambia ghalani sisikii kitu, ni pamba. Akaitika, akaenda zake. Ukweli ni kwamba Kabula alikuwa anaianza chini zaidi kila wiki, chini kidogo kidogo, na kwa kuwa sote tulimfuata yeye tuliteremka naye bila kujua. Waliojua ni besi peke yao, kwa sababu wao ndio waliofika chini wakakuta hapana mahali pa kukanyaga.

Jumamosi moja zamu ilikuwa ya kina Kabula. Palizi ilikwisha siku nyingi, tulikuwa tunang'oa mabua ya pamba, na mimi nilitumwa jikoni kuchukua bakuli. Nyuma ya ukuta wa jiko Mama Nkamba alikuwa anapepeta karanga na jirani yake, wanazungumza. Jirani alisema mtoto amepungua, mifupa ya mabega inaonekana. Mama Nkamba akajibu kwamba ni posa. Tangu watu wa Sola waje kuposa hali vizuri, anawaza, na yeye mwenyewe alipoposwa alipungua hivyo hivyo. Jirani akauliza kuhusu kikohozi. Mama Nkamba akacheka kidogo, akasema, ghala hilo, wote wanakohoa, ngoja magari yaje. Alisema kwa upendo, na nimemkumbuka mara nyingi kwa huruma, maana alimlea Kabula tangu akiwa wa kubebwa. Nilichukua bakuli nikarudi shambani nikimtania Kabula kuhusu mchumba wa Sola. Alicheka mpaka akainama, na kucheka kukageuka kukohoa, akakaa chini kwenye mtaro akisubiri kipite. Aliniambia hana shida na mchumba, shida yake ni moja. "Minza, nikiamka siikuti," alisema. "Zamani nilikuwa naikuta imeamka. Sasa naitafuta, nikiipata najaribu kuipandisha, haipandi." Nikamwambia ni pamba. Akasema, ndiyo, itakuwa pamba.

Magari yalikuja mawingu ya mvua za vuli yameshaanza kujikusanya. Makuli walipakia siku nzima wakiimba zao, na tulipofika kwa mazoezi gunia la mwisho lilikuwa linatoka mlangoni. Ghala lilikuwa tupu. Lilionekana kubwa mno, mtu ukiguna ukuta ulikujibu, na watoto walikimbia huku na huku wakipiga makofi ili wajisikie. Sote tulichangamka. Mwalimu alipanda juu ya mizani, mkono wa chuma ukainuka, tii, tukacheka waziwazi na hakutugombeza. Akasema leo tutajua nani ni mvivu. Aliimbisha besi peke yao, wakanguruma mpaka bati likaitikia, na Mzee Jilala akatazama juu kwa raha. Aliimbisha sauti ya tatu, safi. Akatuimbisha sisi sauti ya pili, na nilijisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nikakaribia kulia kwa furaha. Kila sauti iliyoliwa ilikuwa imerudi. Kisha akasema sasa wimbo, na akanyanyua fimbo kwa Kabula.

Kabula alifumba macho, akavuta pumzi, tukaisikia ile pumzi ikikwaruza ndani. Kilichotoka kilikuwa chini sana na hakikuwa na nguvu ya kufika ukutani. Katika ghala lile, ambalo hata guno liliitikiwa, hiki hakikuitikiwa. Tulidhani anasafisha koo. Mwalimu akamwambia arudie, akarudia, vilevile. Mwalimu hakukasirika. Nadhani alikuwa bado haelewi, au hakutaka kuelewa, kwa sababu alishuka kwenye mizani akamwambia Kabula apande yeye, asimame juu kidogo, kifua kipate nafasi. Kabula akapanda. Mkono wa mizani Mzee Jilala alikuwa ameuacha umetegwa kwenye uzito wa gunia la mwisho la pamba, ambao mtu mzima yeyote huuzidi. Haukuinuka. Tulisimama tukiutazama, binti mzima aliyeposwa amesimama juu ya bamba, na mkono ukabaki umelala. Kabula naye akautazama. Mzee Jilala akavua kofia yake. "Mwalimu," alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwanawe, "ghala ni tupu sasa. Hatuna cha kusingizia."

Kabula alisafirishwa na gari lile lile lililorudi kuchukua mabaki ya pamba, akakaa mbele na dereva, amejifunika blanketi la Mama Nkamba, mpaka hospitali ya misheni upande wa ziwani. Daktari alimweleza Mwalimu kwamba kifua kimeliwa muda mrefu, na kwamba siku hizo dawa ilikuwepo, watu walipona. Angeletwa wakati wa mavuno wangezungumza mengine. Mwalimu aliturudishia maneno hayo kama alivyoambiwa, hakupunguza hata moja, kisha akakaa chini kwenye sakafu ya ghala, yeye aliyependa kusimama juu. Watu wa Sola walipeleka ujumbe wa heshima kwamba wanasubiri kwanza. Mama Nkamba aliacha kupika michembe. Alisema harufu ya karanga inamsumbua. Kanisa la mawe lilifunguliwa kwa kwaya ya mahali pengine. Hatukwenda hata kutazama.

Sisi tulikwenda kwa Kabula. Alilala na wagonjwa wengine wa kifua kwenye baraza ndefu iliyo wazi upande mmoja, ili hewa ipite, na kila kitanda kilikuwa na kopo la kutemea lenye kifuniko. Muuguzi alituambia tusimame majanini, tusisogee. Kwa hiyo tulisimama kwenye majani kwa mistari yetu, sauti ya kwanza upande ule, besi huku, na Mwalimu, kwa kukosa mizani, akapanda juu ya jiwe. Hatukujua tuanze vipi. Kabula aliona hivyo. Alijiinua kwenye kiwiko, akamwambia Mwalimu kitu ambacho hatukukisikia, na Mwalimu akanyanyua fimbo kuelekea kitandani kama siku zote. Kabula aliitoa sauti. Ilikuwa chini kuliko nilivyowahi kuisikia, karibu iwe kuongea tu, lakini ilikuwa noti. Tukaipokea. Sauti ya kwanza waliimba pale ambapo mimi huimba, mimi nikaimba pale pa wanaume, na wakati wa "mkono" ulipokaribia niligeuka kumtazama Mzee Jilala kwa hofu. Alikuwa ameinamisha kidevu mpaka kifuani, mishipa ya shingo imemtoka. Akalipata lile neno. Halikuwa zuri, lilikuwa mngurumo wenye mikwaruzo, lakini alilishika mpaka mwisho, na wagonjwa wa baraza nzima walikuwa wameketi. Kabula akalala tena. Alisema, "Wabeja, baba," akimshukuru Jilala, na hatukumsikia akisema lingine.

Mvua zilikuwa zimekolea alipokufa, barabara imekatika, ikabidi azikwe kulekule misheni. Tulikwenda kwa miguu wale tulioweza. Kaburini Mwalimu alinyanyua fimbo, na kwa mazoea akaielekeza mbele ya mstari wa sauti ya kwanza, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ikabaki pale hewani. Hakuna aliyemsaidia. Mama Nkamba ndiye aliyenisukuma mgongoni, mimi niliyesimama nyuma ya Kabula mwaka mzima, na nikafungua mdomo bila kufikiri, na kilichotoka kilikuwa ile noti ya barazani, palepale alipoiacha. Mwalimu Sayi, aliyeweza kusimamisha wimbo kwa kosa dogo kama unywele, hakuusimamisha. Tangu siku ile "Mto Umejaa" uliimbwa hapo chini katika kwaya yetu, misiba yote, hadi Mzee Jilala alipokufa na kwaya ikasambaratika, mmoja kaolewa Maswa, mwingine kahamia ziwani. Hatukukubaliana kwa maneno kuuacha hapo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuupandisha.

Basi binti mpiga kinanda alikuwa amepiga goti mbele ya kiti changu, anasubiri. Niliwauliza kama wanaujua wimbo wa marehemu mwenyewe, wakasema wanaujua, kuna mtu aliwafundisha, wanauimba kwa kinanda. Nikashika mkono wa kiti, nikasimama. Sikuitafuta. Nikaitoa, na sauti yangu ya uzee iliyokwaruza iliipata bila shida, maana ilikuwa chini kiasi hicho. Vijana wakatazamana. Wale wa besi, wavulana wenye vifua vipana, wakajaribu kimoyomoyo kufika kwenye "mkono" na nikaona nyuso zao zikikunjamana. Binti akaninong'oneza kwa adabu kwamba bibi, hiyo iko chini mno, watu wa besi hawataifikia, tuipandishe kidogo?

"Msiipandishe," nikamwambia. "Ndipo alipofikia."

Hakuuliza nani. Alirudi kwenye mstari, akaishika noti yangu, wakaanza, na wanaume wanne wakaanza kuteremsha kamba taratibu. Ulipofika wakati wa besi, wavulana wale walifungua midomo na haikutoka sauti, isipokuwa mmoja, kijana mwembamba wa pembeni, aliyeinamisha kidevu mpaka kifuani, mishipa ikamtoka, akalipata.